Kumtembeza Mgeni Mombasa

Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni ule ukingo unaoizunguka nguo, mji ni uwanja wa katikati, na jina ni maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji. Mwanamke wa Mombasa akienda kununua leso Mtaa wa Biashara, ambako duka kongwe la leso limekuwapo tangu 1887, huikunjua yote kwanza akaitazama, kisha akasoma jina. Leso ikiwa nzuri lakini jina lake kali, huikunja akairudisha, maana hajui atamvalia nani.

Habari hii ya leso hunijia kila nikiona wageni wanavyotembea mji wetu siku hizi. Mtu anashuka kwenye treni Miritini, anapiga picha chini ya zile pembe za ndovu za Moi Avenue, ambazo kwa kweli ni bati la aluminiamu, anazunguka Ngome ya Wareno kwa nusu saa, kisha huyoo Nyali, ufukweni. Jioni anasema Mombasa ameimaliza. Ameona pindo. Mji hajaufikia, na jina hajalisoma.

Simlaumu yeye. Kosa ni letu wenyeji. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mgeni hakuachwa atoke peke yake. Awe ametoka Lamu, Tanga, Unguja au bara, alipewa kijana wa nyumba wa kumtembeza, na kwa miaka mingi kijana huyo nilikuwa mimi. Bibi yangu alikuwa na agizo moja tu: “Mtembeze mgeni, umpitishe kwa watu.” Hakusema nimpitishe kwenye majumba. Nilidhani ni namna tu ya kusema. Sasa naona ndiyo desturi yenyewe.

Desturi hiyo ilianzia mlangoni. Kabla mgeni hajavuka mtaa, alipelekwa kuamkia jirani wa kulia na wa kushoto, kisha mzee wa mtaa. Alibisha hodi na kungoja akaribishwe, akavua viatu, akaulizwa habari za safari na za watu wake, kila mmoja kwa jina. Ilichukua asubuhi nzima, nami nikiwa mtoto nilichoka kungoja. Lakini baada ya hapo mgeni alikuwa na mtaa mzima unaomjua. Akipotea vichochoroni Kibokoni, mtoto yeyote alimshika mkono akamrudisha: “Wewe ni mgeni wa bi fulani.”

Asubuhi ya Mji wa Kale huliwa vibarazani. Mama huweka meza ndogo mlangoni pake, mahamri yenye iliki bado yanatoa moshi, na sufuria ya mbaazi za nazi kando. Mgeni apelekwe hapo mapema, saa moja hivi, kwa kuwa saa tatu hukuta sinia tupu. Akae, ale, aseme subalkheri kwa kila anayekuja na bakuli lake.

Ngome ifuate, kabla jua halijapanda. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hayo yameandikwa, mgeni atayasoma mwenyewe. Mimi humpeleka juu ya ukuta unaotazama bahari, tukasimama hapo nikamweleza mazingiwa. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizingira ngome hii, na Waswahili walikuwamo pande zote mbili za kuta, ndani na nje. Njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko silaha. Meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama hapo chini 1697, na vitu vilivyotolewa humo viko ndani, katika chumba cha makumbusho. Mgeni akishaitazama bahari kwanza, vile vyombo vilivyopasuka vinamwambia kitu.

Waingereza waliifanya Ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Wataalamu wa lugha hulitoa neno letu gereza katika neno la Kireno la kanisa, na husemwa ni kwa sababu mahali pa ibada ya Wareno ndipo palipokuja kufungiwa watu. Neno hilo tunalitumia kila siku, na asili yake iko hapo ukutani.

Kutoka hapo mimi huingia Marikiti, soko la tangu zama za Waingereza ambalo jina lake ni lile neno lao lililokaa vizuri kinywani mwetu. Hapa pua ndiyo inayotembea: iliki, karafuu, mdalasini, bizari, pilipili manga, achari za maembe na ndimu, mabuyu mekundu. Mgeni wa kutoka bara huuliza bei moja kwa moja. Muuzaji atajibu, ila hatafurahi. Mtu huanza kwa salamu, akaonja, akaulizwa pilau ni ya watu wangapi, halafu bei ikaja yenyewe na kupunguzwa yenyewe. Tena usimfikie muuzaji asubuhi sana kama huna nia ya kununua, maana mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku yake.

Adhuhuri mji hulala. Hapa ndipo wageni wengi wanapotukosa. Wanafika Mji wa Kale saa saba mchana, jua la utosi, maduka yamefungwa, watu wamekwenda kuswali kisha kula wali na samaki wa kupaka na kujinyoosha. Mgeni anakuta mitaa mitupu na paka waliolala kivulini, anasema mji huu umekufa. Mji haujafa. Naye angepaswa kuwa amelala.

Baada ya alasiri ndipo mji unapofunguka, na saa hizi mbili, kutoka saa kumi hadi magharibi, nisingezibadilisha na kitu chochote katika Mombasa. Unaingia kwa Ndia Kuu, ambayo jina lake peke yake ni somo, kwani Kimvita husema ndia pale wengine wanaposema njia. Majumba ya mawe ya matumbawe yanasogeleana, roshani za mbao zinakutazama kutoka juu, milango ya nakshi iko wazi nusu. Usichungulie. Mlango ulio wazi ni kwa ajili ya upepo, si kwa macho ya mpita njia. Na usimpige picha mama aliyevaa buibui anayepita zake, hata ikiwa jua la jioni limempendeza. Ukitaka picha, omba. Utakataliwa mara nyingine, na kukataliwa huko si kutukanwa.

Karibu na bandari ya zamani, ambako majahazi yalifika na pepo za kaskazi na kuondoka na za kusi kabla Kilindini haijachukua kazi, upo msikiti wa Mandhry na mnara wake wa duara mnene unaochongoka juu. Husemwa ni wa 1570. Hapo ndipo humweleza mgeni habari za Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja tu. Yule mtu alikuwa ameona miji mikubwa ya dunia. Aliandika nini juu yetu? Kwamba watu hawa wanakula ndizi na samaki, kwamba ni wacha Mungu na waaminifu, na kwamba mlangoni pa misikiti yao kuna kisima cha maji, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza. Usiku mmoja ulimtosha kuona adabu ya mlangoni, kwa sababu alikaa na watu. Miaka karibu 700 imepita na bado tunanawa miguu kabla ya kuingia.

Sasa baraza. Baraza ni lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nyumba, upande wa mtaani, na ni pia watu wanaokaa juu yake. Anayepita ndiye anayetoa salamu, waliokaa ndio wanaoitikia. Mzee akija, kijana husimama bila kuambiwa. Mgeni huwekwa katikati, asikae pembeni kama mtu anayengoja gari. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi hata kabla hujamwona umemsikia, akakumiminia kahawa tungu yenye tangawizi katika finjani ndogo. Kipande cha halua au kashata hufuata. Kikombe cha kwanza hakikataliwi, na mgeni halipi. Akitia mkono mfukoni atawaaibisha waliomkaribisha.

Na maneno! Hapo utasikia dhumna zikigongwa, mpira ukibishaniwa, mgombea akichambuliwa mpaka mifupa, mtu akijibiwa kwa fumbo ambalo litamfikia kesho. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya 19, alitunga katika hali kama hii, juu ya vita na mapenzi na ukata wa mji, na mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa. Kwa hiyo anayeketi barazani dakika arubaini, hata asiposema neno, amehudhuria kitu kilichomzaa mshairi mkubwa.

Wakati mmoja nilimkalisha hapo mgeni wangu kutoka Kisumu. Akamuuliza mzee mmoja kama Kilindini iko mbali, alitaka kuiona bandari. Mzee akacheka kwa upole: “Mwanangu, Kilindini ni watu.” Akamweleza Thenashara Taifa, yale makundi 12 ya Waswahili wa Mombasa, na miongoni mwao Miji Mitatu: Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Mgeni wangu alijua Kilindini kuwa ni bandari na Changamwe kuwa ni mtaa wa kupanga nyumba. Hakujua kwamba kwa watu wa hapa mji, tangu zamani, maana yake ni jamaa waliofungamana. Nami nilikaa kimya, kwa sababu nilimkumbuka bibi yangu na agizo lake. Nilikuwa nimelitii miaka yote ile bila kulielewa. Wazee husema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile niliyepona ni mimi.

Magharibi ikiingia, baraza huvunjika kwa swala, na familia huanza kuteremka kando ya bahari, Mama Ngina, chini ya mibuyu. Wengine hununua mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu, wengine madafu, wote wakatazama meli zikiingia mlangoni mwa bandari karibu sana kiasi cha kuwapungia mabaharia mkono. Mwenye nafasi avuke Likoni kwa feri pamoja na maelfu wanaorudi kutoka kazini. Anayekwenda kwa miguu halipi kitu. Haller Park ya Bamburi, msitu uliopandwa kuanzia 1971 juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, inafaa siku ya pili ukiwa na watoto. Na ukipita Kengeleni kwa matatu, mwambie mgeni kengele ile ni ya Freretown, mji wa watumwa walioachwa huru, ulioanzishwa miaka ya 1870. Watu hushuka kwenye kituo hicho kila siku bila kuigeuzia jicho.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote yapo, lakini anayeyaonyesha hayupo. Tunampokea mgeni, tunamlisha biriani mpaka ashindwe kuinuka, kisha tunamkabidhi kwa dereva wa tuktuk. Dereva anafanya kazi yake, anampeleka panapojulikana na kumrudisha salama. Wengine huangukia kwa mtu wa njiani anayewapeleka duka moja kwa moja, wakatoka na kinyago cha bei ya kutisha na hasira juu ya mji mzima. Kisha hatuna haki ya kushangaa wakisema Mombasa ni joto na ufukwe. Na watoto wetu wenyewe? Wapo vijana wa Kisauni na Tudor ambao hawajaingia Ngome tangu safari ya shule, na barazani hawajakaa kabisa. Majumba ya matumbawe nayo yanaanguka moja moja, penye nyumba ya vizazi vitano panasimama ghorofa la kupangisha lisilo na baraza, kwa hiyo waliokuwa wakikaa nje hawana pa kukaa.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenyeji unayesoma haya. Likizo ya Desemba binamu yako atakapokuja, usimpe namba ya dereva. Omba ruhusa siku moja kazini. Mwamshe alfajiri umpeleke kwenye mahamri, mlaze mchana, na alasiri uende naye Ndia Kuu kwa miguu, na mwanao akifuata nyuma. Pitieni kwa watu mnaowajua. Bi mkubwa wa nyumba ya kona bado yuko hai, na anauliza kwa nini huji.