Kwa Nini Meja Mwangi Bado Anasomwa

Miaka ya 1970 ilizaa waandishi wengi wa Kenya waliovuma kwa msimu mmoja kisha wakatoweka madukani. Meja Mwangi, aliyezaliwa Nanyuki mwaka 1948, hakutoweka. Naamini kilichomdumisha ni namna yake ya kusimulia, kwa maana yale aliyoyasimulia wengine walikuwa wameshayagusa. Ngũgĩ wa Thiong'o alishaandika juu ya Mau Mau na machungu ya uhuru. Charles Mangua, mwenyeji wa Nyeri, alishawaingiza wasomaji katika vilabu na vichochoro vya Nairobi kwa Son of Woman mwaka 1971.

Tuanze na Kill Me Quick, ya 1973. Vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule, vyeti wanavyo, kazi hawana. Wanalala vichochoroni, wanaokota chakula katika mapipa ya taka, wanapata kibarua kwenye shamba la mzungu, wanafukuzwa, na mwishowe jela inawapokea. Hadithi ya namna hii ina ukoo wa zamani sana. Mwaka 1554 huko Hispania kilitokea kitabu kidogo kisichotajwa mwandishi wake, Lazarillo de Tormes, kuhusu mtoto fukara anayehama kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine huku njaa ikimfunza ulimwengu. Wakuu wa kanisa walikipiga marufuku, na hadi leo kinasomwa. Sidai kwamba Mwangi alikiiga. Ila vitabu vyote viwili vinaiachia njaa iendeshe hadithi, na njaa ikishika usukani mwandishi hana haja ya kuhubiri.

Tofauti yao ni cheti. Lazarillo hana elimu, ana ujanja, na ujanja unamfikisha mahali. Vijana wa Mwangi waliahidiwa kwamba masomo yatawaokoa, na wazazi kijijini bado wanangoja mshahara wa kwanza. Hapo ndipo kitabu kinapouma. Mhitimu anayesubiri abiria leo kwenye steji ya bodaboda Karatina au Nyeri hahitaji kuelezwa Maina ni nani.

Going Down River Road (1976) ndiyo riwaya yake bora, kwa maoni yangu. Ben, aliyekuwa mwanajeshi, sasa ni kibarua wa mjengo. Wini, mwanamke anayeishi naye, anaondoka na kumwachia mtoto asiye wake. Jengo la Development House linazidi kupanda juu ya mji, na maisha ya waliolijenga yanabaki palepale. Mwangi hatuambii kwamba hilo ni dhuluma. Anatuwekea Ben na rafiki yake Ocholla kwenye kilabu cha pombe, wakitaniana, wakitukanana, wakikopana, mpaka tunacheka, na katikati ya kicheko tunagundua hali yao ilivyo mbaya. Mazungumzo ndiyo yanayobeba karibu kila kitu. Maelezo ni mafupi, na onyesho moja hukatwa na kufuatwa na jingine papo hapo, kama katika sinema. Si ajabu: Mwangi aliwahi kuwa fundi wa sauti wa televisheni ya Ufaransa, na baadaye akafanya kazi katika filamu ya Out of Africa (1985).

Wahakiki kadhaa walimlaumu kwamba anaburudisha mno na hana msimamo. Lawama hiyo siikubali hata kidogo. Mtu anayemfanya msomaji ampende kibarua mlevi anayejifunza kumlea mtoto wa mwenzake tayari amechukua msimamo.

Nanyuki yenyewe, mji wa walowezi na kambi za jeshi chini ya Mlima Kenya, haikumtoka. Katika Carcase for Hounds (1974) Jenerali Haraka, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, anawindwa huku jeraha likimmaliza. Katika hadithi ya watoto iliyokuja kuitwa Mzungu Boy, Kariuki, mtoto wa mpishi, anafanya urafiki na mjukuu wa mlowezi wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau. Tafsiri yake ya Kijerumani ilipata tuzo ya fasihi ya vijana ya Ujerumani mwaka 1992.

Tuzo ya Jomo Kenyatta aliipata mwaka 1974 kwa Kill Me Quick, na tena mwaka 2001 kwa The Last Plague, riwaya ya UKIMWI ambamo Janet Juma anazunguka nyumba kwa nyumba akigawa kondomu katika mji unaozika watu kila uchao. Hata huko watu wanataniana. Anayetaka kumjua Mwangi aanze na Going Down River Road, kisha aisome The Last Plague.