Kadi ya Grafiki Nje ya Laptopu (2): Pima Njia Kabla ya Kununua Kadi

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza kadi ya grafiki ni kitu gani. Tuliona kwamba prosesa ya laptopu ya zamani kwa kawaida ina viini viwili au vinne vinavyofanya kila aina ya kazi, ilhali kadi ya grafiki ina mamia au maelfu ya viini vidogo vinavyopiga hesabu za namna moja kwa pamoja. Kadi ya NVIDIA GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo leo hupatikana mtumba, ina viini 768. Ndiyo maana kuhariri video, kuchora majengo ya pande tatu au kutengeneza katuni kwa programu ya Blender huikalisha laptopu isiyo na kadi usiku kucha, na kazi hiyohiyo ikapungua sana muda wake inapopewa kadi.

Leo tunaingia kwenye swali lenyewe. Kijana wa Chake Chake au Wete ana laptopu ya mwaka 2011 au 2012, imara, ya aina zile zilizotumika maofisini Ulaya na Ghuba kisha zikaletwa kwetu. Je, anaweza kuiunganisha na kadi kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani? Na akiiunganisha, kadi hiyo itampa nguvu yake yote?

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo. La pili linategemea njia inayopita kati ya laptopu na kadi, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao.

Mfano wa waya wa baharini

Sisi wa Pemba hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Hadi mwaka 2010 umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za dizeli za Wesha. Mwaka huo, kwa msaada wa Norway, ulizinduliwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, wenye urefu wa kilomita zipatazo 78, nasi tukaunganishwa na gridi ya Taifa. Lakini bara wazalishe umeme kiasi gani, kinachofika kwetu ni kile tu ambacho waya huo unaweza kukipitisha. Kuongeza mtambo kule hakuupanui waya.

Kadi iliyo nje ya laptopu iko katika hali hiyohiyo. Ndani ya kompyuta ya mezani, kadi huchomekwa kwenye tundu refu la PCI Express lenye njia 16. Kwa kizazi cha tatu cha mfumo huo, njia hizo kwa pamoja hupitisha takriban gigabaiti 15.75 kwa sekunde kila upande. Laptopu ya zamani haina tundu hilo. Ina vijitundu vyenye njia moja, au mbili, au nne, vilivyokusudiwa vifaa vidogo. Kadi yoyote utakayoiunga itapata data yake kupitia hapo, iwe kubwa iwe ndogo.

Milango ya laptopu za zamani

Mlango rahisi zaidi kwa laptopu za miaka ile ni tundu la ubavuni liitwalo ExpressCard. Utalikuta kwenye Lenovo ThinkPad X220, T420, X230 na T430, kwenye Dell Latitude E6420 na E6430, na kwenye HP EliteBook 8460p na 8470p. Tundu hili lina njia moja tu ya PCI Express. Mashine za mwaka 2010 kurudi nyuma hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde. Zile za kuanzia 2011 hupitisha megabaiti 500. Hizo ni hesabu za juu kabisa, kazini hupungua kidogo. Kuna adapta ndogo kama EXP GDC ambayo upande mmoja ina waya wa kuchomeka ExpressCard, na upande wa pili ina tundu kamili la kupachika kadi ya mezani. Hakuna haja ya kufungua laptopu.

Mlango wa pili ni tundu la ndani la kadi ya Wi-Fi, mini PCI Express. Upana wake kwa kawaida ni uleule wa ExpressCard, ila lazima ufungue tumbo la laptopu, uiondoe kadi ya Wi-Fi, na utafute intaneti kwa kifaa cha USB. Aidha, baadhi ya laptopu za Lenovo na HP zina orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kwenye tundu hilo ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine. Kikiingia kisichomo, mashine hukataa kuwaka mpaka ukitoe.

Mlango wa tatu ni M.2, tundu la diski za kisasa, ambalo kwenye mashine za baadaye kidogo huwa na njia nne. Kwa kizazi cha tatu ni karibu gigabaiti 4 kwa sekunde, yaani mara nane ya ExpressCard iliyo bora. Gharama yake ni kwamba diski yako italazimika kuhamia kwenye tundu jingine, na waya utatoka nje kupitia kifuniko cha chini. Hakikisha kwanza kwamba tundu hilo ni la NVMe, yaani linalopitisha PCI Express: kuna matundu ya M.2 yenye SATA pekee, na hayo hayafai kwa kadi.

Mlango wa nne ni Thunderbolt. Toleo la kwanza, lililotoka mwaka 2011, lilipitisha gigabiti 10 kwa sekunde. La pili 20. La tatu, mwaka 2015, likafika 40, ingawa si zote 40 zinazopewa kadi. Thunderbolt 3 ndiyo iliyofanya jambo hili liwe la kuchomeka na kuchomoa tu. Lakini umbo la tundu lisikudanganye: USB-C nyingi hazina Thunderbolt ndani yake. Tafuta alama ya radi pembeni ya tundu, kisha thibitisha kwenye maelezo ya mtengenezaji.

Hesabu ya kazi

Sasa tuchukue mlango ulio mwembamba lakini ulioenea zaidi, ExpressCard ya megabaiti 500, tuupimie kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kutoa picha za Blender. Tuseme mandhari ya jengo lako ina gigabaiti 2. Kwenye tundu la njia 16 hupita kwa muda mfupi kuliko theluthi ya sekunde. Kwenye ExpressCard huchukua sekunde 4 au 5. Tofauti inaonekana kubwa, lakini data ikishaingia kwenye memori ya kadi, kadi hupiga hesabu zake humohumo ndani, bila kuuliza chochote kwa laptopu. Picha moja ikihitaji dakika 10 za hesabu, sekunde 5 si kitu. Kwa kazi hii, kadi ya nje inakupa karibu nguvu yake yote, ilimradi mandhari yako ienee ndani ya memori ya kadi.

Kazi ya pili ni kuhariri video. Picha moja ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080. Ikihesabiwa kwa baiti 4 kila nukta bila kubanwa, ni megabaiti 8.3. Harusi iliyorekodiwa kwa picha 25 kwa sekunde inahitaji megabaiti 207 kwa sekunde, na njia yetu inazimudu. Ukipandisha hadi 4K, kila picha inakuwa megabaiti 33, na sekunde moja inahitaji megabaiti 829. Njia imeshindwa hapo, hata ukinunua kadi ya bei ya juu kuliko zote. Mhariri wa 4K aliye na laptopu ya namna hii atafute kwanza namna ya kuhariri kwa nakala ndogo za video, kisha programu irudi kwenye zile kubwa wakati wa kutoa kazi.

Kazi ya tatu ni michezo. Mchezo huzifanya prosesa na kadi zizungumze bila kupumzika, makumi ya mara kila sekunde. Hapa ndipo njia nyembamba inapoumiza zaidi, na prosesa ya zamani yenye viini viwili, kama Core i5-3320M iliyomo kwenye T430 nyingi, huongeza uzito juu ya uzito. Michezo ya miaka ileile ya laptopu itachezeka vizuri. Mipya itakukatisha tamaa.

Kutokana na hesabu hizi kuna ushauri mmoja wa lazima: tumia skrini ya nje iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kadi. Ukitaka picha zionekane kwenye skrini ya laptopu yenyewe, kadi italazimika kuzirudisha kupitia njia ileile. Picha 60 za Full HD kwa sekunde ni megabaiti 498, yaani njia nzima ya upande wa kurudi imekwisha.

Mashine inapokataa kadi

Wengi huunga kila kitu sawasawa, kadi ikazungusha feni, lakini Windows ikaandika kosa namba 12: kifaa hakikupata nafasi ya kutosha. Kadi si mbovu. Laptopu za zamani hugawa anwani za memori za vifaa vyake ndani ya gigabaiti 4 za mwanzo, na kadi ya grafiki huomba eneo kubwa humo. Kama laptopu ina kadi yake nyingine ya ndani, eneo hilo mara nyingi huwa limeshajaa. Dawa ya kwanza ni kuingia kwenye BIOS na kuzima vifaa usivyotumia. Ya pili ni kuchagua, tangu mwanzo, laptopu yenye grafiki za Intel pekee. Ikishindikana, zipo njia za kurekebisha majedwali ya mfumo ili Windows itumie anwani za juu, lakini hizo zinahitaji fundi anayejua anachokifanya.

Kwa sababu hiyohiyo ya anwani, kadi za Intel Arc zilizotoka kuanzia mwaka 2022 haziwafai wenye laptopu hizi. Zinategemea mashine inayoweza kuifungulia kadi memori yake yote kwa mara moja, na laptopu ya 2012 haijui kufanya hivyo.

Umeme na hewa ya bahari

Kadi ya mezani hailishwi na laptopu. Inahitaji pawa saplai yake. GTX 750 Ti hutumia wati 60, GTX 1050 Ti na GTX 1650 wati 75, na GTX 1060 wati 120. Kwa anayeanza, kadi za wati 75 kushuka chini ndizo za busara, kwa kuwa nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Pawa saplai nzito ya nje ya kompyuta ndogo za Dell OptiPlex, iitwayo DA-2, hutoa volti 12 kwa ampea 18, yaani wati 216, na wengi duniani wameitumia kwa kazi hii. Usinunue pawa saplai nyepesi isiyo na jina kwa sababu tu karatasi yake imeandikwa wati 500.

Chomeka laptopu, pawa saplai na skrini kwenye kebo moja ya soketi yenye pini tatu na waya wa ardhi unaofanya kazi. Umeme wa kwetu hupanda na kushuka, kwa hiyo weka stabilaiza au UPS. Washa pawa saplai ya kadi kabla ya laptopu, na usichomoe waya wa ExpressCard mashine ikiwa inafanya kazi.

Adapta hizi huja uchi, bila kasha. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na miguu ya shaba huota kutu ya kijani haraka. Tengeneza kasha lenye matundu ya kutosha mbele ya feni, liweke mbali na dirisha linalotazama bahari, na kadi isipotumika ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Nani afanye, nani aache

Nasema wazi ninachokiamini: asiyehitaji kubeba mashine yake asiingie kwenye njia hii. Kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika, yenye tundu la njia 16, itaitumikia kadi ileile kwa ukamilifu, na matatizo ya kosa namba 12 hatayaona. Aangalie tu kama kasha lina nafasi ya kadi na pawa saplai inatosha.

Kadi ya nje ni ya yule anayehama na laptopu yake kati ya Mkoani na Wete kurekodi shughuli za watu, kisha anarudi dukani kwake, anachomeka waya mmoja na kuiacha kadi ifanye kazi usiku. Ni ya mwanafunzi ambaye laptopu ndiyo mali pekee aliyo nayo na anataka kujifunza kazi za pande tatu bila kuitupa. Katika kisiwa ambacho karibu kila kifaa huvuka bahari kutufikia, kuiongezea maisha mashine nzima iliyo mkononi ni jambo la maana kiuchumi, na pia hupunguza taka za kielektroniki ambazo hatuna pa kuzipeleka.

Basi kabla hujamwagiza ndugu aliyeko Dar es Salaam, Dubai au Maskati, andika mambo manne kwenye karatasi: jina kamili la laptopu yako, aina ya tundu na idadi ya njia zake, kazi unayotaka kuifanya, na wati ambazo pawa saplai yako inaweza kutoa. Kadi ichaguliwe mwisho, kwa kufuata hayo manne. Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu, tutashughulikia draiva: ipi ya kuchagua kwa kadi ya zamani, na cha kufanya kwa kuwa Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft mwezi Oktoba 2025.