Dakika ya Mtoto Asiyelia

Mwaka 2010, wakunga na wahudumu wengine wa Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, walikaa siku nzima wakifundishwa namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mafunzo hayo, yanayojulikana duniani kwa jina la Helping Babies Breathe, yalitumia mdoli. Baada ya miezi kadhaa wahudumu walipimwa tena kwa mdoli uleule, wakafanya vizuri kuliko walivyofanya kabla ya kufundishwa. Kwa kawaida ripoti ingeishia hapo: mafunzo yamefanikiwa, vyeti vimetolewa.

Lakini Haydom kulikuwa na watu waliokaa leba usiku na mchana, saa mkononi, wakiandika kila kilichofanyika mtoto anapozaliwa. Daftari zao zilionyesha kwamba wodini mambo hayakubadilika. Walioshinda mtihani wa mdoli waliendelea kumhudumia mtoto halisi kama walivyokuwa wakifanya zamani. Profesa Hege Ersdal na wenzake walichapisha matokeo hayo bila kuyapaka rangi, na kwa maoni yangu utafiti huo ni kati ya tafiti zenye faida kubwa kuhusu ufundishaji wa fani ya afya nchini mwetu. Kila anayeandaa semina ya watumishi wa afya angepaswa kuusoma kabla hajaomba bajeti.

Mdoli wenyewe unaitwa NeoNatalie. Hutengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Stavanger, Norway, ambayo zamani ilitengeneza vitu vya kuchezea watoto, na mwaka 1960 ikatoa mdoli wa mtu mzima wa kujifunzia kumpulizia hewa aliyezimia. NeoNatalie ukiwa mtupu ni mwepesi, umenywea. Mkufunzi huujaza maji ya uvuguvugu, ukapata joto na uzito unaokaribia wa kichanga. Pembeni vipo vipira vya kubinya: ukibinya kimoja kitovu kinadunda, kingine kinafanya kifua kipande na kushuka kama anayepumua. Mkunga anashika ambu, yaani mfuko wa kupulizia hewa, anaweka barakoa puani na mdomoni, anapuliza. Barakoa isipokaa sawasawa hewa inavuja shavuni na kifua hakinyanyuki. Hakuna haja ya mwalimu kumwambia amekosea, anaona mwenyewe, anarekebisha kidevu cha mtoto, anapuliza tena.

Muda ndio kila kitu hapa. Watoto wengi hulia wenyewe, na wengine hulia wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wapo wachache, kama 3 hadi 6 katika kila 100, ambao lazima wapuliziwe hewa, na hao wanatakiwa waanze kupata pumzi ndani ya dakika ya kwanza. Takwimu za Haydom zilionyesha kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Sasa mfikirie mkunga wa zamu ya usiku: mama mmoja anasukuma, wa pili anatokwa damu, na mtoto aliyetoka sasa hivi amelegea, kimya. Hapo hakuna anayekumbuka ukurasa wa kitabu. Mikono hufanya ilichozoea, na mazoea ya wengi ni kunyonya makamasi, kusugua, na kusubiri kidogo.

Haydom hawakuukataa mdoli. Walibadilisha mahali pake na ratiba yake. Uliletwa karibu na chumba cha kujifungulia, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 tu kila wiki, wawili wawili, katikati ya kazi, pamoja na zoezi refu kidogo la dakika 40 kila mwezi. Hakuna hoteli, hakuna safari, hakuna posho ya kulala. Estomih Mduma na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Mdoli ni uleule, hospitali ni ileile.

Wazo hilo likapanuliwa. Mpango wa Safer Births ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Safari hii vifaa viliongezeka. Upo mdoli mwingine, MamaNatalie, ambao mkufunzi hujifunga tumboni akawa yeye ndiye mama: anazaa, analalamika, na kwa siri anafungulia damu ya bandia ili wanafunzi wapambane nayo. Upo mdoli wa kichanga unaounganishwa na kompyuta kibao inayomwonyesha mkunga jinsi alivyopuliza. Kipo pia kipimo cha mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni, kinachoitwa Moyo, kwa Kiswahili chetu kabisa.

Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, Dk Benjamin Kamala akiwa mwandishi wa kwanza. Vifo vya watoto vinavyotokea wakati wa uzazi na katika saa 24 za mwanzo za maisha vilipungua kwa asilimia 18. Vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilishuka kwa takriban robo tatu. Kwa kuwa vifaa vya kazi na mafunzo vilikwenda pamoja, si haki kuupa mdoli peke yake sifa zote. Ila kuna jambo nalipenda sana katika utaratibu wao: kila kituo kilikuwa na wakufunzi wake wa ndani, watumishi wa palepale, nao walitumia takwimu za wodi yao kuamua wafanye zoezi gani. Kama tatizo la kituo ni damu baada ya kujifungua, wanazoea damu. Kama watoto wanachelewa kupuliziwa, wanarudi kwenye ambu.

Siku hizi kila chuo cha afya kinatamani maabara ya mazoezi yenye midoli inayopepesa macho na skrini ukutani. Sipingi, mwanafunzi akosee kwa plastiki kabla hajamgusa mtoto wa mtu. Ninachoomba wakuu wa vyuo na waganga wafawidhi ni kwamba, pamoja na kuuliza bei ya mdoli, waulize utakaa wapi, nani atashika ufunguo saa nane usiku, na muuguzi anayewafundisha wenzake dakika tano kila wiki amepunguziwa kazi gani ili azipate hizo dakika tano. Huyo muuguzi ndiye asiyeonekana katika orodha za manunuzi, na Haydom bila yeye wangebaki na vyeti vya mwaka 2010.