Foni na ordinateri hazisikilizani: tuanzie wapi?

Ndugu msomaji, wewe uliye Burungu, Mweso ao Walikale, hatuna lazima ya kukueleza foni ni nini. Milima ya Masisi inazuia redio ndogo za mkononi, na simu inanyamaza siku mazutu ya antena yanapokosa kufika. Foni ya mawimbi mafupi ndiyo inayovuka mlima. Ukiiunganisha na ordinateri, barua inapita hewani kwa maandishi, kama ile orodha ya dawa zinazokosekana kwa dispensere. Kwa sauti, jina la dawa linaweza kusikiwa vibaya. Kwa maandishi, programu inadai tena kila kipande kisichofika sawasawa.

Si kazi mpya kwetu. Katika miaka ya 1990 mashirika ya msaada kama PAM yalituma barua hivyo kwa modemu za Pactor, njia iliyobuniwa na wapenzi wa redio wa Ujerumani. Leo wapenzi wa redio wa dunia nzima wanatumia Winlink, programu isiyolipishwa.

Basi siku moja unabonyeza, hakuna kitu. Fundi anapita, anasema foni imekufa, tafuteni nyingine. Ngoja kwanza! Mara nyingi foni iko mzima, ni mapatano kati yake na ordinateri ndiyo yamevunjika.

Kijana, shika hili: kati ya vyombo hivi viwili kuna njia mbili. Moja inapitisha amri, ni kusema ordinateri inaiambia foni frekanse gani, na sasa sema, sasa nyamaza. Ya pili inapitisha sauti. Zungusha kitufe cha frekanse kwa foni. Namba zikibadilika pia kwenye ekrani, amri zinapita, usiguse tena upande ule, tafuta kwa sauti. Zisipobadilika, kaa kwa amri.

Hapo kwa amri ndipo wengi wanapotea. Ordinateri inaita kila tundu porti COM, na inaipa namba. Ukihamisha fili ya USB kwa tundu lingine, namba inaweza kubadilika, na programu inaendelea kugonga mlango wa zamani. Kasi nayo lazima iwe moja pande zote, kama 4800 kwa 4800. Yaesu FT-857 ya zamani inataka tena uingie katika menyu namba 20 uchague CAT, kwa maana tundu lile lile linatumika kwa vyombo vingine. Icom inadai anwani yake: IC-718 ni 5E, IC-7300 ni 94. Na programu mbili haziwezi kushika porti moja kwa wakati mmoja, funga moja.

Kuna pia fili za bei ya chini zenye chipi ya kuiga ya Prolific. Zinafanya kazi kwa Windows ya zamani, halafu piloti mpya, ni kusema ile programu ndogo inayoitambulisha fili, inazikataa. Unaona alama ya manjano na kosa la namba 10. Usipige foni kofi, badilisha fili.

Kwa sauti, angalia kama Windows haikuchagua spika zake yenyewe. Usipandishe sauti mpaka mwisho pia. Ikizidi inaharibika, na yule wa mbali hasikii kitu cha maana.

Sasa tuje kwa shida ya kwetu kabisa: yote yanakwenda vizuri ukisikiliza, ukituma tu mawasiliano yanakatika. Foni ya wati 100 inavuta karibu ampea 20. Batri iliyochoka, ao fili nyembamba, haiwezi. Pima volti kwa mlango wa foni wakati wa kutuma, si wakati wa kupumzika. Foni nyingi za namna hii zinataka 13.8, na hazivumilii chini ya 11.7. Volti zikisimama vizuri, basi ni mawimbi yanayorudi kwa fili na kuvuruga USB. Sogeza antena mbali na meza, na uzungushie fili lile donge jeusi linalopatikana kwa fili za ekrani za zamani. Kelele isiyokwisha? Zima regilateri ya plake za jua, usikilize tena.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwa kingine. Ukibadilisha vitatu pamoja, hautajua kipi kimeponya.

Neno la karatasi, juu huku kwetu foni isiyo na kibali inaweza kukuletea mashaka makubwa. Jina la mwito la Kongo linaanza na 9Q, na kibali kinaombwa kwa ARPTC. Frekanse ya dispensere si ya mpenzi wa redio, msizichanganye. Kwa Winlink biashara hairuhusiwi: bei ya koltani ya Rubaya ao kasiterite ya Bisie haipiti hapo. Wala jina la mgonjwa, kwa maana barua hizo wengine wanaweza kuzisoma.

Siku inaposhika, andika namba ya porti, kasi, menyu na anwani. Bandika karatasi kwa kifuniko cha ordinateri, mwenye zamu ya usiku asije kukuamsha.