Nyumba Nyekundu ya Uingereza ina somo gani kwa anayejenga Nkowe?

Hebu tuanze na swali. Unapojenga nyumba, nani aamue umbo lake: wewe, duka la vifaa, au jua?

Mwaka 1859 William Morris, kijana wa miaka 25, alimwomba rafiki yake Philip Webb amchoree nyumba. Ilikamilika 1860 huko Bexleyheath, karibu na London, ikaitwa Red House, yaani Nyumba Nyekundu, kwa sababu tofali zake ziliachwa wazi. Wakati ule wenye uwezo walipenda kuta za lipu zilizoigiza mawe. Webb aliweka paa refu la vigae, na kila dirisha likakaa pale chumba kinapolihitaji. Nyumba hii ni moja ya chimbuko la vuguvugu la Sanaa na Ufundi. Kanuni zake ni nyepesi: tumia vitu vya eneo lako, usifiche nyumba ilivyojengwa, heshimu mkono wa fundi.

Ila jua lilisahaulika. Vyumba vikuu vinatazama kaskazini, na Uingereza jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Vikawa vya baridi! Morris alihama 1865.

Sasa twende Nkowe, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Nyumba ya asili ya huku ni nguzo za miti, fito, udongo na nyasi. Kanuni zote tatu zimo, na hakuna aliyesoma Morris. Tofauti ni moja: kule kazi ya mkono iligeuka anasa ya matajiri, huku inahesabiwa dalili ya umaskini. Korosho na ufuta vikilipa, watu wananunua bati.

Na wana haki. Nyasi huvuja, hushika moto, na kila baada ya miaka michache unaezeka upya. Bati pia linavuna maji: paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20, unaweza kukinga hadi lita 800. Shida ni kwamba tukiondoa nyasi, mara nyingi tunaondoa na akili iliyokuwa ndani yake. Tuichambue.

Joto. Nyasi zinanasa hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Bati ni jembamba. Jua kali likiliwakia linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, kisha linamimina joto hilo vichwani mwenu. Dawa yake ni dari, hata ya mianzi, pamoja na matundu ya kutoa hewa ya moto juu ya dari. Matundu hayo yawekewe wavu, maana mbu wa malaria hupenda kuingilia pale ukuta unapokutana na paa.

Jua. Nkowe iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo saa sita mchana jua la Juni liko upande wa kaskazini, la Desemba liko kusini kidogo tu ya utosi. Upenu, ile sehemu ya paa inayozidi ukuta, ukiwa na sentimita 60, mwezi Juni saa hiyo unatia kivuli kama sentimita 90 kwenye ukuta wa kaskazini. Desemba, ukuta wa kusini unafunikwa karibu wote. Lakini jua la jioni, likiwa nyuzi 20 tu juu ya upeo, upenu huohuo unakinga sentimita 22. Basi elekeza kuta fupi mashariki na magharibi, na upande wa magharibi panda mwembe.

Mvua. Upenu mfupi unadondosha maji jirani na msingi. Matone yanaruka, yanakula udongo chini, ukuta unaanza kubomoka kutoka miguuni. Tofali za kuchoma zinavumilia zaidi, ila zinakula kuni nyingi.

Kama unajenga msimu huu, kaa na fundi kabla hajahesabu bati. Bajeti ikibana, kitu cha kwanza kupunguzwa huwa ni upenu, kwa kuwa hauonekani kama sehemu ya nyumba. Mwambie apunguze kingine: lipu ya nje itasubiri mavuno yajayo, ila paa likishapigiliwa ni kazi kulirefusha. Na kabla ya kuchimba msingi, simama kiwanjani saa kumi na moja jioni, uone jua linapigia wapi.