Betri ya Pili ya Gari ya Samaki

Paukwa! Pakawa!

Palikuwa na mchuuzi wa samaki hapo Uroa, mashariki ya Unguja. Kila jioni hushusha pikapu yake pwani kungoja vyombo virudi. Injini ameizima asimalize mafuta, lakini taa za kuchagulia samaki zinawaka, redio inapiga taarabu, na vijana wamechomeka simu zao. Jioni moja samaki wakapakiwa, barafu ikamwagwa juu. Akapiga stata: tik, tik, tik. Gari haiwaki! Vijana wakaisukuma, na kusukuma gari mchangani si mchezo, wanangu.

Kesho yake akenda kwa fundi. "Fundi, nifungie betri ya pili."

Fundi akacheka. "Nitakufungia, bwana. Lakini nikiziunganisha hivi hivi tu, zitakufa pamoja."

Kwa nini zife pamoja? Sikilizeni. Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo, ndiyo tukaiita betri ya volti 12. Ndani mna mabamba ya risasi yaliyorowekwa kwenye asidi, ufundi alioubuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri ikijaa, mita husoma kama 12.6. Ikishuka chini ya 12, iko hoi. Stata hutaka ampea zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja, kisha huacha. Taa ya wati 60 hula ampea 5 tu, lakini haishibi mpaka izimwe. Betri mbili zilizoungana moja kwa moja, taa hizo zitazinyonya zote mbili, na stata itakosa.

Nyumbani mtungi wa maji ya kunywa hauchotwi maji ya kukoshea vyombo. Fundi naye alitaka kila betri iwe na kazi yake. Kati ya betri mbili akafunga rilei. Injini ikiwaka, dainamo hutoa volti 14 hivi, rilei inaziunganisha, zote zinajaa. Injini ikizimwa, rilei inazitenganisha: ya kwanza inabaki kuwa ya stata, taa na redio zinakula kwenye ya pili.

Tazameni mikono ya fundi. Kwanza anafungua waya wa hasi, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Chanya inakwenda kwa chanya, kupitia rilei. Hasi inakwenda kwenye bodi. Angeunga chanya ya moja na hasi ya nyengine, angepata volti 24 za malori makubwa, na taa za pikapu zingeungua. Waya ni mnene, na karibu na kila betri ameweka fyuzi, waya ukichunika fyuzi ikatike kabla gari haijawaka moto. Betri anaifunga mkanda isirukeruke njiani. Mwisho anapaka grisi kwenye vichwa vyake, kwani upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma.

Basi wanangu, mkiona pikapu yenye betri mbili, msiulize ukubwa wake. Ulizeni kati yake pamefungwa nini. Na kazi hiyo muachieni fundi: asidi ya betri hutoboa nguo, na jicho halina spea.