Kupima maji ya bomba: cheti cha bakteria hakitoshi

Gharama ya kupima maji ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuyasafisha baada ya kuchafuka. Mji wa Woburn, kaskazini ya Boston nchini Marekani, uliijua hesabu hiyo kwa kuchelewa.

Woburn ni mji wa zamani wa viwanda vya ngozi na kemikali. Mwaka 1964 ulichimba kisima G, na mwaka 1967 kisima H, vyote vikiingiza maji kwenye mabomba ya mji. Wakazi walilalamika juu ya ladha na harufu. Vipimo vya kawaida siku zile vilitafuta bakteria, wala havikutafuta viyeyusho vya viwandani. Mei 1979 mapipa 184 yalikutwa yametupwa karibu na visima hivyo, na ndipo maji yalipopimwa kemikali. Ilionekana trikloroethilini, dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma, kiasi cha maikrogramu 267 kwa lita. Kiwango cha juu kilichokuja kuruhusiwa Marekani ni 5. Visima vilifungwa. Ajabu ni kwamba mapipa yale siyo yaliyokuwa chanzo. Bila kupatikana kwake huenda pampu zingeendelea.

Familia nane, ambazo watu wao waliugua, wengi wakiwa watoto wenye saratani ya damu, zilifungua kesi mwaka 1982. Kampuni ya W. R. Grace ilimaliza shauri mwaka 1986 kwa dola milioni 8. Bili kubwa zaidi ilikuja 1991, makampuni kadhaa yalipokubali kugharimia usafishaji wa ardhi na maji kwa karibu dola milioni 69. Mwenye hisa anayesoma mizania ya kiwanda afahamu kwamba deni la namna hii halionekani humo hadi siku linapodaiwa.

Trikloroethilini ni nzito kuliko maji, hivyo ikimwagika huzama ardhini na kukaa miaka mingi. Klorini haiiondoi. Ukichemsha maji yenyewe hutoka, lakini huingia katika hewa ya jikoni. Kwa kuwa huruka upesi, maji ya kisima yana hatari kubwa kuliko ya mto, ambako upepo huipunguza.

Tabia hiyo ya kuruka ndiyo inayoharibu vipimo vingi. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai kabisa. Mpimaji hufungua bomba maji yatiririke hadi ubaridi wake utulie, kisha hujaza polepole vichupa vya kioo vya mililita 40 hadi ukingoni, pasibaki hata povu moja la hewa. Klorini iliyomo huvunjwa kwa dawa, na tindikali kidogo huongezwa. Vichupa husafirishwa kwenye barafu, nyuzi 4 hivi, na kupimwa ndani ya siku 14. Kimoja chenye maji safi husafiri pamoja navyo. Kikirudi na kemikali, mzigo mzima una mashaka. Maabara hupuliza gesi ndani ya sampuli, hunasa mvuke, na kuutenganisha kwa mashine ya kromatografia.

Mwenye hoteli au kiwanda cha maji ya chupa anayetegemea kisima jirani na gereji, karakana au drai klina aiulize maabara swali moja kabla ya kulipa: mmetafuta nini? Cheti kinachosema "maji ni salama" bila kutaja viyeyusho kimejibu swali jingine.

Majibu yakiwa mabaya, dawa ipo. Maji hudondoshwa ndani ya mnara huku hewa ikipulizwa kutoka chini, au hupitishwa kwenye mkaa maalumu, ambao mwingine hutengenezwa kwa vifuu, vile vile ambavyo huku pwani tunawashia jiko. Mkaa huo hushiba, na ukishashiba kemikali hupita kama kawaida. Kwa hiyo anayenunua mtambo aulizie kwanza bei ya kubadilisha mkaa, na maji yanayotoka yapimwe tena kila baada ya muda.